Kambi ya Kiangazi Marekani: Pesa Inaingiaje, Inatokaje

Kila Januari simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wa Mombasa na Kilifi waliosikia kwamba niliwahi kufanya kazi kwenye kambi za watoto Marekani. Swali la kwanza halibadiliki: "Dada, wanalipa ngapi?" Nami sijibu kwa namba. Siifichi, ila namba hiyo ukiisoma peke yake haikuambii kama utarudi nyumbani na pesa au na fulana zenye nembo ya kambi tu. Huwa nawarudishia swali: tiketi kalipa nani, bima analipa nani, na cheki ya mwisho inatoka lini? Wengi hunyamaza hapo, halafu baada ya siku mbili tatu wananitumia picha ya mkataba.

Tuanze na kambi zenyewe. Kule ni jambo la zamani sana. Ile inayotajwa kuwa ya kwanza ilifanyika Connecticut mwaka 1861, mwalimu Frederick Gunn alipowatoa wanafunzi wake darasani wakaenda kupiga kambi kando ya maji. Camp Dudley, iliyoanza 1885, ipo hadi leo kwenye ufuo wa Ziwa Champlain, jimbo la New York. Shule zikifungwa Juni, watoto hupandishwa mabasi na kupelekwa milimani na kwenye maziwa, wengine wiki moja, wengine wiki saba mfululizo. Sasa lazima awepo mtu wa kulala nao kibanda kimoja, kuwaamsha, kuwafundisha kupiga kasia, kuwapaka dawa ya mbu na kuwabembeleza wanapolilia mama usiku. Mtu huyo ni kaunsela, mara nyingi kijana wa chuo. Na kwa kuwa vijana wa Kimarekani hawatoshi, au wamepata kazi yenye pesa zaidi mjini, kambi huagiza watu kutoka nje: Uingereza, Australia, Mexico, Afrika Kusini, na mara mojamoja pwani yetu.

Mimi nilikuwa Wayne County, kaskazini mashariki mwa Pennsylvania, sehemu ya maziwa na misitu ambako kambi zimepangana kama hoteli za Diani. Nilichukuliwa kwa sababu ya maji. Nimekulia Likoni, na kabla ya hapo nilikuwa nafundisha watoto wa wageni kuogelea kwenye bwawa la hoteli. Kambi inapenda mtu wa maji. Anayejua kuogelea, kupanda farasi, kurusha mishale au kufundisha mazoezi ya viungo huwekwa fungu la juu kidogo kuliko kaunsela wa kawaida, kwa sababu bila laifugadi, yaani mlinzi wa waogeleaji, mwenye cheti ziwa lote linabaki pambo. Cheti cha Msalaba Mwekundu wa Marekani nilikipatia palepale, katika wiki ya mafunzo, kwa gharama ya kambi. Hilo ni la kwanza la kuangalia mkatabani: wiki ya mafunzo inalipwa au hailipwi? Zipo kambi zinazoihesabu ndani ya jumla, na zipo zinazoanza kuhesabu siku watoto wanapofika.

Naam, jumla. Kaunsela halipwi kwa saa. Hulipwa fungu moja kwa msimu mzima, na hakuna ovataimu. Tuchukue mfano wa kupigia hesabu tu: mkataba wa dola 2,000 kwa wiki nane. Hiyo ni dola 250 kwa wiki. Ukichukua siku sita za kazi, saa kumi na nne kila siku tangu kengele ya asubuhi hadi watoto walale, unapata saa 84. Gawa. Inatoka chini kidogo ya dola 3 kwa saa, katika nchi ambayo kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 tangu Julai 2009.

Hapo ndipo kijana anaponiuliza kama huo si wizi. Kisheria si wizi. Sheria ya kazi ya Marekani ya mwaka 1938, wanayoiita FLSA, ndiyo iliyoweka kima cha chini na ovataimu, lakini ina kipengele kinachozitoa nje sehemu za burudani za msimu, na kambi zimetajwa humo kwa jina. Kambi isiyofanya kazi zaidi ya miezi saba kwa mwaka haibanwi na kima cha chini cha serikali kuu wala ovataimu yake. Ikizidisha miezi saba, bado inaweza kuponea kwenye kipimo cha pili: wastani wa mapato yake ya miezi sita yoyote usizidi theluthi moja ya wastani wa miezi sita mingine. Kambi ya watoto ya Juni hadi Agosti hupita kipimo cha kwanza bila jasho.

Majimbo nayo yana yao. California, kwa mfano, inaruhusu kaunsela alipwe mshahara wa wiki usiopungua asilimia 85 ya kima cha chini cha jimbo kwa saa 40, hata kama amefanya kazi saa ngapi. Kwa kuwa kima cha chini cha California kiko juu sana, kaunsela wa kule anaweza kubeba zaidi ya mara mbili ya mwenzake wa jimbo linalofuata sheria ya serikali kuu peke yake. Kazi ni ileile, watoto ni walewale, mbu ni walewale. Kwa hiyo jina la jimbo kwenye mkataba lina uzito kuliko picha za ziwa kwenye tovuti.

Mimi binafsi sipendi hesabu ya kugawa kwa saa, ingawa nimeifanya hapo juu. Saa za kambi hazifanani na saa za duka. Kuna saa ya mapumziko baada ya chakula cha mchana, watoto wako vitandani wanaandika barua nyumbani na wewe umelala chali ukisoma. Hiyo ni kazi au si kazi? Kuna usiku wa zamu, ambapo unakaa kwenye baraza ya kibanda na tochi hadi wenzako warudi, na zamu yenyewe ni kupiga soga na kunyamazisha wanaocheka gizani. Na kuna saa tisa za usiku, mtoto ametapika juu ya mfuko wake wa kulalia, na wewe ndiye mama, yaya na dobi kwa wakati mmoja. Hiyo hakuna atakayeiandika popote. Saa 84 nilizozitaja ni za kukisia. Nyingine ni nyepesi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, na nyingine ningezilipisha dola hamsini.

Ofu, kwa desturi, ni saa 24 kwa wiki, kwa kawaida kuanzia usiku wa siku moja hadi usiku wa siku inayofuata. Hapo pesa huanza kuvuja. Kambi iko msituni, mji wa karibu hauendeki kwa miguu, na mwenye gari ni Mmarekani mmoja kati ya watu wanane. Mnachangia mafuta, mnakula nje, mnanunua vitu Walmart. Wengine wanalala moteli kwa sababu wamechoka kulala na watoto. Nimeona watu waliomaliza msimu wakiwa wametumia kwenye ofu zaidi ya walichobakiza, na si watu wa anasa. Miguu yao ilikuwa ya kuazima tu.

Sasa tuje kwenye njia inayopitiwa na pesa kabla haijakufikia, maana kwa sisi tunaotoka nje hapa ndipo penye siri kubwa. Huwezi kwenda tu. Unahitaji viza ya J-1, ambayo chanzo chake ni sheria ya mwaka 1961 ya mabadilishano ya elimu na utamaduni, na inasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Ina mlango maalumu wa makaunsela wa kambi: uwe umetimiza miaka 18, ujue Kiingereza, na ukae kazini si zaidi ya miezi minne. Si lazima uwe mwanafunzi; mwalimu, mtu wa kulea vijana au mwenye ujuzi fulani anakubalika. Lakini kambi haikuombei viza. Anayekuombea ni shirika mdhamini, na ndilo linalotoa fomu ya DS-2019 bila ambayo ubalozini hapana maongezi. Camp America, lililoanza 1969, na CCUSA, lililoanza 1986, ni kati ya majina ya zamani.

Shirika hilo haliishi kwa upepo. Hupata ada kwako, na mara nyingi hupata ada kwa kambi pia. Meneja wa kambi anapopiga hesabu ya wafanyakazi wake, kaunsela mgeni ana gharama mbili: unachopewa wewe na kinachokwenda kwa mdhamini. Kanuni inasema malipo na marupurupu ya mgeni yalingane na ya Mmarekani anayefanya kazi kama yake. Na kambi nzuri hulingana. Nyingine nazo hupata namna ya kueleza kwamba tiketi yako, bima yako na ada ya mdhamini ni sehemu ya kulingana huko. Nilikaa meza moja na msichana kutoka Ohio, kazi ziwani tukigawana saa kwa saa, na cheki yake ilikuwa nene kuliko yangu. Nilipouliza ofisini, niliambiwa nikumbuke gharama za kuniletea pale. Sikuridhika na sijaridhika hadi leo, ingawa mantiki yake naiona.

Kwa hiyo muulize mdhamini kabla hujatia sahihi: tiketi inalipwa na nani, na ikilipwa, inakatwa baadaye? Kenya Airways ina ndege ya moja kwa moja Nairobi hadi New York tangu Oktoba 2018, na bei yake ya Juni si ya mchezo. Ongeza ada ya viza dola 185, ada ya mfumo wa kuandikisha wageni wa J-1, SEVIS, ambayo kwa makaunsela ni dola 35, cheti cha mwenendo mwema cha polisi, vipimo vya daktari, na nauli za kwenda Gigiri kwa mahojiano kama unatoka pwani. Kongresi nayo, katika sheria ya Julai 2025, imeidhinisha ada nyingine ya viza ya dola 250. Mtu anayelipa hayo yote mwenyewe pamoja na tiketi, kisha akapewa mkataba wa dola 2,000, amefanya utalii wa kujitolea. Si vibaya, mradi anajua ndicho anachokifanya. Kinachoniuma ni yule anayechukua mkopo wa chama akidhani anakwenda kutafuta mtaji.

Na usiruhusu mtu akuchanganye na kazi za jikoni. Mlango wa makaunsela unakataza kumleta mgeni kuwa mpishi, mwosha vyombo au mfagizi. Wanaofanya kazi hizo kambini huja kwa mlango mwingine wa J-1, ule wa kazi na matembezi ya kiangazi, na huo unataka uwe mwanafunzi wa chuo. Kama fomu yako inasema kaunsela na umefika ukapewa aproni msimu mzima, hilo si jambo la kuvumilia kimya. Ubalozini utapewa kijitabu cha haki zako. Kisome kwenye matatu ukirudi. Kinasema pia kwamba mwajiri hana ruhusa ya kukushikia pasipoti. Kambi nyingi huomba kukuwekea kwenye sefu, na kwa kweli kibanda chenye watoto kumi si mahali pa kuhifadhi pasipoti, lakini ukiitaka upewe siku hiyohiyo.

Tuseme na mema basi, maana yapo.

Chakula na kitanda ni bure, na ubure huo ni wa aina ya kipekee: haumo kwenye kodi. Sheria ya kodi ya Marekani inasema mfanyakazi akilishwa na kulazwa kwenye eneo la kazi kwa manufaa ya mwajiri, na kulala hapo ikiwa ni sharti la kazi, thamani ya vitu hivyo haihesabiwi kuwa mapato yake. Kaunsela anaingia humo moja kwa moja, maana hawezi kulinda watoto usiku akiwa amepanga chumba mjini. Ukikumbuka kodi ya nyumba na bei ya chakula Marekani, wiki nane hizo si kitu kidogo. Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Kambini jembe linakusubiri langoni, lakini na sahani ipo.

Bima ndiyo inayonishangaza zaidi, kwa sababu hapa mgeni anamzidi mwenyeji. Kaunsela wa Kimarekani kwa kawaida hapewi bima ya afya na kambi. Anategemea ya wazazi wake, ambayo sheria inamruhusu kubaki nayo hadi afike miaka 26. Sisi wa J-1 lazima tuwe na bima, na kiwango chake kimeandikwa kwenye kanuni: angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, dola 50,000 za kusafirishwa kwa matibabu, na dola 25,000 za kurudisha maiti nyumbani. Mama aliposomewa kipengele hicho cha mwisho aliniuliza kama nakwenda kwenye kambi ya watoto au kambi ya jeshi. Kuna sehemu ambayo utalipa mwenyewe kwanza kabla bima haijaanza, isiyozidi dola 500 kwa kila tukio. Uliza yako ni ngapi, maana jino likikuuma, dola 500 ni mshahara wa wiki mbili. Na ukiumia kazini, ukianguka gatini ukivuta mtumbwi, hiyo kwa kawaida ni kesi ya bima ya wafanyakazi ya jimbo, ambayo kambi ndiyo inayoilipia. Waambie wakuandikie ripoti siku hiyohiyo.

Marupurupu makubwa kuliko yote niliyoyaona kambini, lakini, hayakuwa ya kaunsela yeyote. Yalikuwa ya muuguzi. Mama wa makamo, anafanya kazi hospitali mwaka mzima, na kiangazi anachukua likizo yake kuja kutibu magoti na koo za watoto wa watu. Mshahara wake wa kambi ungemchekesha muuguzi yeyote wa Kimarekani. Lakini wanawe wawili walikuwa hapo kambini, bila karo, kwenye kambi ambayo wazazi wengine walikuwa wanailipia maelfu ya dola kwa kila mtoto. Aliniambia bila kuficha kwamba hakuja kwa ajili ya cheki. Walimu wakuu wa michezo nao wengi ndivyo wanavyofanya. Ukiwatazama hao unaelewa kwa nini kambi hailazimiki sana kupandisha mishahara: kwa kila nafasi kuna mtu ambaye pesa si sababu yake. Muuguzi anataka kambi ya wanawe. Mwanafunzi wa ualimu anataka uzoefu wa kuandika kwenye barua za kuomba kazi. Mwingereza anataka kuiona Marekani. Kijana wa Kimarekani aliyekuwa mtoto wa kambi hiyo tangu ana miaka tisa anataka kurudi tu, hata ukimlipa kwa ubuyu. Anayehitaji mshahara kweli ndiye mwenye sauti ndogo zaidi pale mezani.

Makato sasa. Ukifika unaomba namba ya hifadhi ya jamii, na kambi zilizozoea wageni huwapeleka wote kwa basi moja. Kisha unajaza fomu ya W-4, ile inayomwonyesha mwajiri akukate kodi kiasi gani, na hapo karani asiyezoea wageni anaweza kukuharibia. Mgeni wa J-1 asiyekuwa mkazi hakatwi michango ya hifadhi ya jamii na Medicare, ile wanayoiita FICA, asilimia 7.65 ya mshahara, ambayo kwa sisi ni kama NSSF na SHA zikiunganishwa. Kwa mkataba wetu wa mfano hiyo ni dola 153. Ukiiona kwenye hati ya malipo, nenda ofisini na DS-2019 yako mkononi kabla msimu haujaisha. Karani wa kambi anaweza kukurudishia kwa dakika kumi, wakati serikali itakujazisha fomu na kukungojesha miezi.

Kodi ya mapato hukatwa. Mgeni asiyekuwa mkazi hapati lile fungu la msamaha ambalo Mmarekani hulitoa kwanza kabla ya kuhesabu kodi, na nchi zetu hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani. Kenya haina, Tanzania haina, Uganda haina. Kwa hiyo unaanza kulipa asilimia 10 tangu dola ya kwanza. Rafiki yako wa Ohio, mwenye mshahara uleule na asiye na mapato mengine, kodi ya mapato ya serikali kuu kwake ni sufuri. Kisha jimbo: Pennsylvania huchukua asilimia 3.07, na mitaa yake mingi ina kakodi kake pia, wakati New Hampshire haitozi mshahara kodi ya jimbo kabisa. Kwa dola 2,000 Pennsylvania, toa 200, toa 61.40, zinabaki 1,738.60 kabla mtaa haujachukua chake. Kabla ya kantini pia: soda, stempu na jaketi la kambi mara nyingi huandikwa kwenye daftari na kukatwa mwishoni.

Lini unalipwa? Wengine kila wiki mbili, wengine nusu katikati na nusu mwishoni, na zipo kambi zinazolipa karibu zote siku ya mwisho. Wanasema ni kwa ajili ya kukuwekea akiba. Mimi nasema ni kamba ya kukufungia. Mtu aliyeshikiwa pesa zake haondoki katikati ya Julai hata akichoka vipi. Soma sentensi inayosema nini hutokea ukiondoka mapema au ukifukuzwa. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alifukuzwa kwa kukamatwa na bia kwenye kibanda, akalipwa kwa hesabu ya siku alizofanya, na hilo sina ugomvi nalo. Kilichomshtua ni viza. Ukimaliza programu yako vizuri unapewa siku 30 za kuzunguka nchi kabla ya kuondoka. Ukifukuzwa huna hata moja, na tiketi aliyoahidiwa na mdhamini ilikuwa na sharti la kumaliza.

Kuna pesa nyingine ambayo haimo kwenye mkataba wowote, nayo ni bakshishi. Kwenye kambi za bei mbaya, wazazi hufika siku ya kutembelea watoto, katikati ya msimu, na bahasha. Kambi nyingine zimepiga marufuku jambo hilo kabisa, na ukipokea unafukuzwa; nyingine hufumba macho; nyingine huwaandikia wazazi mapema kuwapa mwongozo wa kiasi. Zinaporuhusiwa, kaunsela wa kibanda cha watoto wadogo anaweza kuongeza fungu la kueleweka juu ya mshahara wake, na laifugadi anayekaa ziwani kutwa akihakikisha mtoto yuleyule hafi maji anapata tabasamu. Mimi nimekulia kwenye uchumi wa bakshishi za hoteli na bado nililiona hilo la ajabu, maana hotelini angalau tulikuwa na sanduku la pamoja. Nilipopendekeza sanduku, walinitazama kama nimetukana.

Kutuma pesa nyumbani si tatizo siku hizi, inafika M-Pesa kabla hujamaliza kuongea na mama. Ila tangu Januari 2026 Marekani inatoza asilimia moja kwa pesa zinazotumwa nje kama umelipa kwa noti taslimu au hundi za fedha. Ukituma kutoka akaunti ya benki au kadi ya benki ya kule hukatwi. Hiyo ni sababu moja ya kufungua akaunti mapema. Nyingine ni cheki zenyewe: bila akaunti utaipeleka dukani wakakukata ada ya kuibadilisha.

Na sababu ya tatu ndiyo ninayoirudia kwa kila anayenitumia mkataba. Januari au Februari kambi itakutumia W-2, hati ya mshahara na makato yako ya mwaka, na kufikia tarehe 15 Aprili unatakiwa kuwasilisha fomu ya 1040-NR, ile ya kodi ya mapato ya mgeni asiyekuwa mkazi, hata kama umeshakaa kwenu Kisauni unakula mahamri. Watu wengi hawafanyi, wakidhani habari za kule zimeisha. Kama walikukata zaidi ya asilimia 10, tofauti ni yako na utarudishiwa. Lakini serikali ya Marekani haiweki marejesho ya kodi kwenye akaunti ya Kenya, na tangu mwisho wa Septemba 2025 imeanza kuachana na cheki za karatasi, ambazo hata hivyo benki zetu zilikuwa zinazishika wiki kadhaa kabla ya kukupa chochote. Siku ya kuondoka, kila mtu yuko mbioni, wanalia, wanakumbatiana, wanafunga akaunti zao wachukue dola 40 zilizobaki. Ziache humo. Uliza benki kama kuna ada ya mwezi, weka kiasi kinachotakiwa isifungwe, badilisha anwani yako, na hakikisha unaweza kuingia kwenye programu yao ya simu kwa laini ya Safaricom, kwa sababu ile namba ya Marekani itakufa wiki mbili baada ya wewe kutua Nairobi na msimbo wa kuingilia utakuwa unatumwa huko.